Leo Nimegusa Mipira Mingapi?

Mvua ya Kent, mji wa hapa jimbo la Washington, Marekani, haina papara. Hainyeshi kwa hasira kama masika ya Tanga. Inajitandaza tu siku nzima, kama mgeni aliyesahau kuaga. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari nje ya ukumbi. Kwa upande wetu mashindano ya pikoboli, mchezo wa kugonga mpira wa plastiki kwa vibao, yalikuwa yamekwisha tangu saa nane mchana. Mke wangu alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.

"Baba watoto," akasema bila kuinua kichwa, "leo nimegusa mipira mingapi?"

"Umecheza vizuri."

"Sijakuuliza nimechezaje."

Nikawasha wipa.

Tulikuwa tumefungwa 11 kwa 9 kwenye gemu ya tatu, baada ya kuongoza 9 kwa 5. Waliotufunga ni mtu na mkewe: bwana kafunga goti bandeji, bibi kavaa kofia ya jua ndani ya ukumbi usio na jua. Kwa kuwakadiria, wamenizidi miaka ishirini. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilizungumza mimi. Nililaumu taa za ukumbi, nikalaumu sakafu, nikalaumu mipira ya ndani ambayo ni laini mno, nikalaumu na ule mpira ambao yule bwana aliuita "nje" na mimi mpaka leo nauona uko ndani. Mwenzangu alikuwa amelala. Au alijifanya.

Swali lake lilikaa nami wiki tano. Niko juu ya foklifti ghalani, linakuja. Naoga, linakuja.

## Aliyenileta uwanjani

Niseme jambo moja kwanza, maana bila hilo habari hii haina chumvi: pikoboli aliniingiza yeye. Mimi nilikuwa nawaona watu kwenye bustani za hapa wakigonga kimpira cha plastiki chenye matundu, tak, tak, tak, nami napita zangu nacheka. Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku, na siku moja wenzake wa kazini wakamchukua. Akarudi kalowa jasho, anacheka peke yake. Wiki iliyofuata nikamfuata, nia yangu nikamwoneshe. Mimi ni mtoto wa mpira wa meza. Sekondari nilikuwa bingwa wa bweni, na mkono hausahau.

Bahati yetu ni kwamba tunaishi karibu na pale mchezo ulipozaliwa. Kiangazi cha 1965, kisiwani Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka Seattle, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walitaka kucheza badmintoni na familia zao, wakakosa vifaa. Wakaokota vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wavu wakauteremsha. Jirani yao Barney McCallum naye akaingia, akawa anachonga vibao vya mbao. Mwaka 2022 jimbo la Washington likaupitisha kwa sheria kuwa mchezo wake rasmi. Huku ukisema huchezi, wanakutazama kama mtu wa Tanga aliyesema hali samaki.

Kwa asiyeujua, kanuni tatu zinatosha. Pointi hupata upande unaoanzisha mpira tu. Mpira wa kuanzisha lazima udunde, na wa kuurudisha nao lazima udunde, ndipo mtu aruhusiwe kupiga hewani. Na kila upande wa wavu kuna eneo la mita mbili na kidogo ambalo wenyewe wanaliita jiko. Ukikanyaga jikoni huna ruhusa ya kupiga mpira hewani, usubiri udunde. Kwa hiyo kila mtu anataka kufika kwenye mstari wa jiko akasimame hapo, na anayefika wa kwanza akatulia huwa ndiye mwenye nyumba.

Sisi tunacheza daraja la 3.5. Mfumo wa DUPR, unaotumiwa kuwapima wachezaji, huanzia 2 hadi 8. Ile 3.5 ni mahali ambapo mtu ameshajua kupiga lakini hajajua kuacha.

## Nikaenda dukani

Mtu akifungwa ana mambo mawili ya kufanya: ajitazame, au anunue kitu.

Nikanunua.

Sababu nilikuwa nayo. Sababu huwa hazikosekani. Uso wa kibao cha kaboni una mkwaruzo kama msasa laini, ndio unaoukamata mpira ukauzungusha, na ukicheza mara nne kwa wiki mkwaruzo huo unasagika. Changu kilikuwa kimebaki laini kama sahani. Kiini chake, ile plastiki ya ndani yenye vyumba kama sega la nyuki, kilikuwa cha milimita 16. Nikachukua cha milimita 14, kilichookwa kwa joto kikashikana kuwa kitu kimoja, kingo zimejazwa povu. Kilizidi dola 200. Bei niliyomtajia mke wangu tuiache.

Mantiki yake ni hii: kiini kinene kinameza nguvu ya mpira, chembamba kinairudisha. Kanuni zinabana ukubwa, kwamba urefu usizidi inchi 17, na urefu ukijumlishwa na upana usizidi inchi 24. Unene na uzito hazikuwekewa kikomo, ndiyo maana mafundi wote wamehamia humo. Kuna na utepe wa madini ya risasi, watu wanaubandika pembeni ili kibao kisiyumbe mkononi mpira ukigonga ukingo. Nami nikabandika.

Jioni ya kwanza ilikuwa tamu. Nilimpiga kijana mmoja kifuani, nikamwomba radhi huku moyoni nafurahi. Kufika wiki ya pili utamu ukaanza kuchacha. Dinki, ule mpira mdogo unaoupeleka taratibu utue jikoni kwa mpinzani, zangu zote zilikuwa zinaelea. Kila niliyotaka iteremke ilipanda sentimita kumi zaidi, na mpira ulio sentimita kumi juu ya wavu ni zawadi iliyofungwa utepe. Watu tunaocheza nao Jumanne wakawa wanagombea kucheza dhidi yangu.

Mke wangu yeye alinunua viatu.

Na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanaoanza wakifanya kosa langu. Mimi nilikuwa nachezea viatu vya kukimbilia mwaka mzima. Viatu vile vimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele, soli nene na laini. Pikoboli unakwenda pembeni, unasimama ghafla, unarudi pembeni. Siku niliyokaa sakafuni nimeshika kifundo cha mguu ndiyo nilielewa kwa nini viatu vya kortini vina soli bapa na kuta ngumu. Ningekuwa na dola 200 leo, ningeanza na viatu, kisha miwani ya kukinga macho, maana mpira unapigwa mkiwa mmeachana mita nne. Zingebaki, ningenunua boksi la mipira, ya nje yenye matundu 40 na ya ndani yenye 26, kwa kuwa hiyo ni mipira miwili yenye tabia tofauti, na ile ya nje kwenye baridi ya hapa inapasuka kama ganda la yai. Kibao kingekuja mwisho.

Wiki ya tatu nikarudia kibao cha milimita 16. Kile cha 14 kiko juu ya kabati. Mke wangu ameshauliza kama kinafaa kusongea ugali.

## Daftari la mtoto

Mechi yetu ilirekodiwa. Mtoto wetu wa pili aliegemeza simu kwenye begi, akaondoka zake, simu ikarekodi gemu yote ya tatu. Sikutaka kuitazama. Nilijiambia nakumbuka kila kitu.

Usiku mmoja, mke wangu yuko zamu na watoto wamelala, nikakaa nayo kwenye meza ya jikoni. Nikachana karatasi mbili katika daftari la hesabu la mtoto, nikachora mistari: M, Y. Mimi, Yeye.

Mipira ya kuanzisha na ya kuirudisha sikuihesabu, kwa sababu hiyo kila mtu analazimika kupiga yake, huwezi kumpora mwenzako hata ukitaka. Nikahesabu mipira ya wazi tu, ile ambayo yeyote kati yetu angeweza kuifikia. Upande wetu ulipiga 127.

Mimi 110. Yeye 17.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia kwa mwendo wa polepole, na kweli nilikuwa nimekosea: mmoja kati ya ile 17, kibao changu kilikuwa kimetangulia mbele ya uso wake. Kwa hiyo 16.

Lakini namba si ndiyo iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni kumtazama yeye, kitu ambacho uwanjani sikuwa nimekifanya hata mara moja. Mwanzo wa gemu yuko chini, magoti yamekunjwa, kibao kiko mbele ya kifua. Kwenye 6 kwa 4 anapiga hatua kuufuata mpira, ananiona nakuja, anarudi. Hatua, anarudi. Kufika 9 kwa 7 amesimama wima, kibao kiko usawa wa paja, anatazama kama mtu anayesubiri basi.

Mpira wa mwisho kabisa ulimwendea yeye. Ulikuwa mwepesi. Akaupiga wavuni.

Nakumbuka vizuri nilichokiwaza wakati tunakwenda kuwapa mkono washindi: ule tu, ule mmoja tu, angeuweka.

## Walikuwa wananitafuta mimi

Kwenye mchezo wa mume na mke kuna mazoea ambayo hayajaandikwa popote. Wapinzani watampigia mwanamke mipira, kwa hiyo mwanamume atawale theluthi mbili za uwanja. Nimeyaona kila ukumbi niliokanyaga, nikayachukua kama yalivyo. Nilikuwa namkinga mke wangu. Hilo nililiamini bila hata kulifikiri.

Nikaanza kutazama upande wa pili wa picha, upande wa wazee wale.

Hawakuwa wanampigia yeye. Wala hawakuwa wanamkwepa. Walikuwa wanapeleka mpira katikati, chini, taratibu, tena na tena. Wavu una sentimita 91 kwenye nguzo na 86 katikati, kwa hiyo katikati ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mpira ukija katikati, mimi huyo, naruka kama kipa. Bibi wa kofia alikuwa anasubiri hicho tu. Mpira uliofuata aliuweka pale nilipokuwa nimesimama kabla sijaruka, na pale palikuwa pamebaki kiwanja kitupu.

Halafu kuna ile ya kunilisha. Kati ya pointi 11 walizopata, nane ziliishia kwenye kibao changu, na katika hizo nane, sita nilikuwa nimeshambulia mpira uliokuwa chini ya ukingo wa wavu. Mpira wa chini lazima uuinue ndipo uvuke. Ukiuinua kwa nguvu, ama unatoka nje, ama unampandia mpinzani usawa wa kifua akumalize. Yule bwana wa goti hakuwa na haja ya kukimbia. Mabomu yangu yalipomjia alikuwa anapisha bega tu, kama mtu anayepisha baiskeli kichochoroni, mpira unapita unatua nje. Nusu ya makombora niliyokuwa najivunia yalikuwa ya kupishwa bega.

Walikuwa wamegundua ndani ya gemu moja kwamba mimi siwezi kuuona mpira nikauacha. Mke wangu alikuwa analijua hilo muda wote.

Nikafunga daftari. Sikulala.

Ila sikuwa nimeshawishika sana pia, na nisijifanye. Mkono wake wa nyuma, yaani kupiga kwa upande wa mgongo wa mkono, ni dhaifu, huo ni ukweli ambao yeye mwenyewe anausema. Nikimwachia nusu ya uwanja, si watamhamia? Mashindano si pilau ya harusi kwamba kila mtu apewe sahani yake sawa. Mtu anakwenda kushinda. Kama 111 kwa 16 ingetupa medali, yupi kati yetu angehesabu?

## Mlinzi wa netiboli

Asubuhi aliporudi zamu nilikuwa nimeshachemsha chai. Nikamsogezea daftari. Akasoma, kidole kikifuata mistari, hakucheka.

"Kumi na sita," akasema. "Mimi nilidhani kumi."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Najua unadhani hivyo. Mimi nakuwa naogopa kukugonga. Nusu ya mchezo nafikiria kibao chako kisinivunje meno."

Kisha akaniambia kitu ambacho nilikijua kwa namna ile unavyojua tarehe ya kuzaliwa ya mtu, habari tu, haina uzito. Shuleni alikuwa mlinzi wa netiboli, akafika UMISSETA ngazi ya mkoa. Sasa fikiria netiboli. Huruhusiwi kukimbia na mpira. Ukiudaka una sekunde tatu. Kila namba ina eneo lake, ukivuka mstari filimbi inalia. Mtu aliyelelewa na mchezo huo haoni mistari kama kizuizi. Nikakumbuka kwamba tangu tuanze sijawahi kumwona akikanyaga jiko kimakosa, wakati mimi hunitokea karibu kila mechi.

"Kwenye ulinzi hukimbilii mpira," akasema huku akichovya andazi. "Unasimama pale mpira unapotaka kupita. Ukiwa umesimama vizuri, unajikuta wewe ndiye unayepigiwa."

"Kwa hiyo unataka tufanyeje?"

"Nataka ukae kwako."

Akaenda kulala.

## Jumanne bila pointi

Wote tunatumia mkono wa kulia. Aliye upande wa kushoto, mkono wake wa mbele unaangalia katikati ya uwanja, kwa hiyo mpira wa katikati kwa kawaida ni wake. Mimi siku zote nilikuwa nasimama kushoto. Yaani hata wizi wangu ulikuwa na hati.

Wazo la kubadilishana lilikuwa lake. Kanuni zinaruhusu: mradi anayeanzisha na anayepokea ni yule anayestahili, mwenzake asimame popote, na mpira ukishaanza mnajipanga mnavyotaka. Tukamweka yeye kushoto. Mimi nikaenda kulia, mkono wangu wa nyuma ukaja katikati, na kwa mtu wa mpira wa meza huo si ugonjwa, huo ndio mkono mfupi wa haraka tuliokulia nao. Udhaifu wake ukahamia pembeni kabisa, mahali ambapo mpinzani lazima alenge karibu na mstari ili aupate. Kuona jambo hilo limetuchukua miaka miwili.

Kisha Jumanne tukaacha kuhesabu pointi. Robo saa ya dinki za mshazari, kona kwa kona, kwa sababu mshazari ni mrefu zaidi na unavuka wavu pale ulipo chini. Baada ya hapo ndoo ya mipira 40. Yeye anasimama kwenye mstari wa jiko, mimi nyuma kabisa, najaribu kudondosha kila mpira ndani ya jiko lake. Ukielea, anaupiga na hanionei huruma. Huo ndio mpira wa tatu tangu kuanzisha, mgumu kuliko yote, maana upande unaoanzisha unakuwa umekwama nyuma wakati wenzao wameshafika mstarini. Jumanne ya kwanza nilidondosha tisa kati ya 40.

Zoezi lililoniumiza kichwa ni la kutuliza mpira. Nasimama katikati ya uwanja, ananipiga kwa nguvu zake zote, na kazi yangu ni kuufanya ufe jikoni. Siri ni kulegeza vidole, ushike kibao kama umeshika kifaranga. Kibao kisimame tu, mpira ujigonge wenyewe. Mkono wangu haukukubali. Umefundishwa miaka yote kujibu, na kumbe jibu hapa ni kutojibu. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kwa kutofanya kitu.

Tulicheza na nusu uwanja, mtu na mtu, kila mmoja na kipande chake. Alinifunga 11 kwa 4. Nikaomba tena. 11 kwa 6.

Na tukaweka maneno matatu. Wangu. Wako. Acha.

Mwezi mzima tulifungwa. Kwenye bustani watu wanapanga vibao kwenye uzio kama foleni, mshindi anabaki uwanjani, na sisi tulikuwa hatubaki. Walitufunga hadi watu walioanza kucheza wakati wa theluji. Mzee mmoja tuliyezoeana naye alinivuta pembeni akaniuliza kama bega linaniuma, mbona sipigi siku hizi. Nikamwambia linaniuma kidogo. Uongo ule ulinitoka mwepesi, na njiani nikajiuliza kama ninachokifanya ni mkakati au ni kulipa deni la ndoa kwa kutumia mechi.

Jibu lilikuja Alhamisi moja jioni. Vijana wawili wenye mikono mizito, wakaamua kumhamia mke wangu, kila mpira kwake, mkono wa nyuma, pembeni. Ndicho kile nilichokuwa nakiogopa tangu siku ya daftari. Mguu wangu wa kushoto ukatoka mara mbili nikaurudisha. Yeye akawa anarudisha dinki, chini, taratibu, nyingine mbaya kidogo lakini hai. Dinki. Dinki. Nilihesabu mipira 14 mfululizo. Wa 15 yule kijana akachoka kungoja, akaupiga kwa hasira mpira wa gotini, ukaingia wavuni.

Majibizano yale yote mimi sikugusa kitu. Nilisimama na kibao mkononi kama mtu anayesubiri basi.

## "Tunasikia, papa"

Mwezi wa sita tukaingia tena mashindanoni, daraja lile lile.

Mechi ya pili tulipangiwa kijana na dada yake, warefu, wepesi, wanacheka sana. Sisi tumezoea kuelekezana kwa Kiswahili katikati ya pointi, ni silaha yetu ya bure, hapa nani anaelewa. Nikamwambia mke wangu kwa sauti kabisa: "Huyu kijana mkono wa nyuma hana kitu, mpelekee huko huko."

Yule kijana akateremsha kibao. "Tunasikia, papa," akasema. "Na ni kweli, ule mukono ni mubaya."

Wa Bukavu. Ilibidi tusimame, watu wanne tumeinama tunacheka, na mechi ya uwanja wa jirani ikageuka kututazama. Tuliwafunga 11 kwa 8 na 11 kwa 7, na mchana walitutafuta na sambusa. Tukaahidiana Jumamosi za bustani ya Green Lake, Seattle. Wametufunga mara mbili tangu hapo.

Tukafika nusu fainali. Hatujawahi kufika.

Gemu ya tatu, 10 kwa 11, wao wanaanzisha. Majibizano marefu, sote wanne kwenye mstari wa jiko, mpira unakwenda na kurudi chini chini. Kisha mmoja wao akakosea. Mpira ukapanda, ukaja katikati, mwepesi, usawa wa bega, lakini kwa upande wangu wa uwanja, kama kiatu kimoja kuvuka mstari. Mpira wa kula. Mpira ambao miezi minne nyuma ningeufuata hadi kwenye maegesho ya magari.

Nikauacha.

Naye akauacha, kwa sababu ulikuwa upande wangu na alikuwa anasubiri sauti yangu. Ukapita kati yetu polepole kabisa, tunautazama wote wawili, ukadunda ndani, ukadunda tena, ukabingirika hadi kwenye uzio.

12 kwa 10.

Ndani ya gari alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu.

"Ule ulikuwa wako," akasema.

"Najua."

"Si ungesema 'wangu.' Miezi mitatu unaniambia wako, wako, wako, kama kondakta."

Nikawasha gari. Akaegemeza kiti nyuma, akaweka begi la vibao miguuni, akafumba macho.

"Jumanne?" nikamuuliza.

"Jumanne nina zamu. Jumatano."